Kushusha gari kwa springi fupi: mwongozo kamili kwa anayeanza

Hapa Unguja haupiti mwezi pasi na kijana kuniletea gari iliyolala upande. Kafunga springi fupi mwenyewe, uwani kwao, Jumapili nzima. Jumatatu gari inalia "tang!" kila akikata kona, na hajui aanzie wapi.

Wote wanaogopa kubana springi, na kwa kuwa wanaiogopa, pale wanakuwa makini. Wanapokosea ni pahala pengine, na ni mawili yale yale: ncha ya springi haikukaa kwenye kikombe chake (kile kisahani cha chuma kinachoipokea), au raba zimekazwa gari ikiwa bado iko hewani.

Mwongozo huu ni wa gari ndogo kama Vitz, IST na Passo: mbele shokapu imevaa springi mwilini, nyuma kuna ekseli moja inayounganisha magurudumu mawili. Gari yako ikiwa na mikono huru nyuma, yaani kila gurudumu la nyuma linajitegemea, hatua za mbele zitakufaa. Za nyuma fuata kitabu cha gari yenyewe. Anayeanza ajipe siku nzima. Fundi anaweza kumaliza kwa saa tatu, lakini wewe si fundi bado.

## Vitu vya kukusanya kwanza

Usifungue nati hata moja kabla hivi vyote havijalala mbele yako:

- Springi fupi nne, za modeli yako khasa, zinazoshusha baina ya milimita 25 na 35.
- Vibana springi viwili vinavyofanana, nyuzi zake safi na zimepakwa grisi.
- Jeki ya magurudumu, na stendi za chuma zisizopungua mbili. Nne ni bora.
- Kabari mbili za mbao za kuzuia magurudumu.
- Soketi na spana ringi kuanzia 10 hadi 21. Nati za tairi za Toyota ndogo ni 21. Kazi nyingi iliyobaki ni ya 14, 17 na 19.
- Alenki za 5 na 6, zile spana za pembe sita za kuingiza ndani.
- Toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza. Azima, usinunue.
- Mafuta ya kulainisha kutu, brashi ya waya, grisi kidogo.
- Rangi nyeupe ya kuwekea alama. Rangi ya kucha ya dada yako inatosha, ukimuomba vizuri.
- Waya mgumu wa kuning'inizia breki.
- Tepu ya kupimia, daftari, na simu ya kupiga picha.
- Mtu wa pili. Huyu si wa mazungumzo. Ni wa kushika taa, na wa kukuvuta jambo likiharibika.

Kama gari ina umri, ongeza mauntini mpya za shokapu, yaani ile raba na chuma cha juu inayokutana na bodi, pamoja na beringi zake. Utakuwa umeshafungua mpaka huko, na kuzirudisha zilizokwisha ni kufanya kazi hii mara mbili.

Kuhusu kununua springi, soma namba ya modeli kwenye kibati kilicho ndani ya chumba cha injini, umpe muuzaji namba hiyo, usimpe jina la gari tu. Mimi niliwahi kumuamini mtu aliyeniapia kwamba "hizi zinaingia zote". Zikaja kwa boti kutoka Dar, nikazifungua, na mduara wa chini ulikuwa mkubwa kuliko kikombe cha shokapu kwa unene wa kidole. Nauli ya kuzirudisha nikalipa mimi.

## Grainda iache pahala pake

Utaambiwa barazani kwamba springi mpya ni kutupa pesa, kata tu mzunguko mmoja na nusu wa ile iliyopo. Usikate.

Springi ya asili imepimwa iwe laini kwa urefu wake. Springi fupi ya kununua hutengenezwa ngumu zaidi, kwa sababu nafasi ya kushuka imepungua na lazima ibebe uzito ule ule kwenye safari fupi. Ukiikata ya zamani inakuwa ngumu kidogo tu, hata haitoshi, na ncha iliyokatwa haina umbo la kukaa kwenye kikombe. Gurudumu likining'inia kwenye shimo, springi inalegea, na ikirudi inaweza kukaa upande.

Kuichoma kwa gesi mpaka ishuke ni kubaya zaidi. Moto unaua ugumu wa chuma. Leo imeshuka vidole viwili, mwezi ujao vitatu, na siku moja inavunjika ukiwa na watoto ndani.

Na usivuke milimita 35 kwa shokapu za kawaida. Shokapu imetengenezwa ifanye kazi katikati ya safari yake. Ukiishusha sana inafanya kazi karibu na mwisho na inagota kila mara. Fikiria pia njia zako. Anayekwenda Paje au Jambiani anapita matuta ya Jozani, yaliyowekwa ili kima punju wasigongwe, na yale hayamuonei haya mtu aliyeshusha gari. Masika nayo, maji yakituama barabarani, sentimita tatu ulizoziondoa utazikumbuka.

## Usiku wa kuamkia kazi

Kisiwa hiki kina chumvi hewani. Boliti za gari iliyokaa miaka Nungwi au Jambiani huwa zimeshikana na chuma kama zimechomelewa. Jioni ya kabla, safisha nyuzi zinazoonekana kwa brashi ya waya, kisha puliza mafuta ya kutu kwenye boliti za chini za shokapu zote nne na nati za linki ya stabilaiza, kile kifimbo kinachounganisha shokapu na nondo inayozuia gari kulala kwenye kona. Rudia kabla ya kulala.

Jaribu kila boliti kwa robo mzunguko kisha ikaze tena. Kama kuna iliyoduara kichwa, bora uijue leo, maduka ya spea yakiwa wazi, kuliko kesho gari ikiwa juu ya stendi.

Halafu pima. Gari ikiwa pahala tambarare, tairi zina upepo sawa, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, kwa magurudumu yote manne. Andika, na andika pia kiasi cha mafuta kwenye tangi. Usipime kutoka chini: tairi iliyolika itakudanganya.

## Hatua ya 1: Pahala pa kazi na kunyanyua gari

Tafuta sakafu ya saruji, tambarare. Uwanja wako ukiwa wa mchanga, weka mbao nene na pana chini ya jeki na chini ya kila stendi. Mchanga hauzami kwa mkupuo, unazama taratibu ukiwa umeshaingia chini.

Matofali ya saruji na mchanga hayabebi gari. Najua yapo kila uwanja, na najua umeona mtu akifanya. Tofali halipindi kukuonya. Linapasuka mara moja.

Weka gia P au namba moja, vuta breki ya mkono, tia kabari nyuma ya magurudumu ya nyuma. Legeza nati za tairi za mbele nusu mzunguko gari ikiwa bado chini, kwa sababu hewani gurudumu litazunguka na wewe.

Nyanyua, weka stendi kwenye ule ukingo wa chini wa bodi wenye alama mbili za mikato, shusha gari ikae juu ya stendi, kisha itikise kwa mkono. Isukume kweli. Kama itaanguka, ianguke sasa hivi wakati hakuna mtu chini. Ikitulia, ndipo utoe magurudumu ya mbele.

Umefaulu ikiwa: gari haichezi, na magurudumu yaliyotolewa yamelala chini ya ubavu wa gari kama akiba.

## Hatua ya 2: Kulegeza nati ya katikati

Fungua boneti. Juu ya kila shokapu kuna kofia ya plastiki; baadhi ya gari inabidi uondoe kwanza plastiki iliyo chini ya waipa. Utaona nati kubwa ya katikati, na kwa gari nyingi, nati ndogo mbili au tatu zinazoizunguka.

Ile ya katikati ilegeze robo mzunguko. Robo tu. Sasa hivi shokapu imeshikwa na bodi, kwa hiyo ni rahisi. Baadaye itakuwa inazunguka mkononi mwako.

Onyo: ukiitoa kabisa hapa, springi yote itaachia. Nati hiyo ndiyo pekee inayoizuia. Baada ya robo mzunguko ondoa spana mkononi kabisa, usije ukaendelea kwa mazoea.

## Hatua ya 3: Kutoa shokapu ya mbele

Fanya upande mmoja mpaka mwisho, ndio uhamie wa pili. Upande usioguswa ndio picha yako ya kurejea.

Piga picha kwanza. Kisha toa kishikio cha hozi ya breki na waya wa ABS kwenye shokapu, usikate wala usivute. Fungua linki ya stabilaiza. Boliti yake ikizunguka na nati, ishike kwa alenki katikati. Ikiwa stabilaiza inavuta, ni kwa sababu gurudumu la pili liko chini. Nyanyua pande zote mbili sawa, uvutano utaisha.

Zile boliti mbili kubwa zinazofunga shokapu na chuma cha habu, yaani kitovu kinachobeba gurudumu, zichoree mstari wa rangi nyeupe kwenye vichwa na kwenye chuma. Mashimo yake yana nafasi kidogo, na nafasi hiyo ndiyo inayoamua tairi isimame vipi. Mstari utakusaidia kurudi karibu na pale pale.

Toa nati, gonga boliti nje kwa nyundo ukiwa umeweka kipande cha mbao. Kabla boliti ya pili haijatoka, funga habu kwa waya kwenye bodi. Habu ikianguka nje, shafti inaweza kuchomoka ndani ya gia, na hozi ya breki itabeba uzito usio wake.

Mwisho mwenzako aishike shokapu kutoka chini, wewe utoe nati ndogo za juu. Mzigo ni mdogo ila unateleza.

Umefaulu ikiwa: shokapu nzima iko mezani, hozi ya breki imelegea bila kuvutika, na nati ya katikati bado iko pahala pake.

## Hatua ya 4: Kubana springi

Hapa polepole.

Kabla ya chochote, chora mstari wa rangi kutoka kwenye mauntini ya juu, upite kwenye springi, mpaka kwenye kikombe cha chini. Mauntini ina mwelekeo wake, na bila alama utaibahatisha.

Vibana viwili vikae pande mbili zinazotazamana, kama saa 3 na saa 9 kwenye uso wa saa. Kila kimoja kishike mizunguko mingi kadiri inavyowezekana. Hakikisha makucha yameingia sawasawa na hayagusi shokapu.

Kaza kwa spana ya mkono: mizunguko mitatu huku, mitatu kule, mitatu huku. Ukikaza upande mmoja tu, springi inapinda kama ndizi, na springi iliyopinda inarusha kibana. Mashine ya upepo isitumike. Inakaza kwa kasi kuliko jicho lako, na inaunguza nyuzi za kibana.

Wakati wote shokapu ilale mezani, juu isimlenge mtu yeyote, nawe simama ubavuni. Watoto wa jirani waondoke. Wao ndio watakaokuja, maana sauti ya racheti kwao ni kama sauti ya muuza aiskrimu.

Acha pale springi inapoanza kuachana na kikombe cha juu. Itikise kwa mkono: ikicheza kidogo juu, imetosha. Kubana zaidi ya hapo ni kuongeza hatari bila faida.

Onyo: kibana kikilia, kikiteleza hata milimita moja, au springi ikianza kupinda, rudi nyuma. Fungua vyote viwili kwa zamu, uanze upya. Na usiiache springi imebanwa ukaenda kula. Maliza au legeza.

## Hatua ya 5: Kuvua, kukagua, kuvalisha

Sasa nati ya katikati. Shika fimbo ya shokapu kwa alenki au kwa ule ubapa wake wa juu, zungusha nati kwa spana ringi. Usiishike fimbo inayong'aa kwa plaizi, hata kwa kitambaa. Mkwaruzo mdogo utaikata sili, na shokapu itavuja kabla ya mwezi kwisha.

Toa vitu kwa mpangilio na vipange mezani kwa mstari ule ule: nati, mauntini, beringi, kikombe cha juu, springi, mpira wa kuzuia vumbi, raba ya kugotea.

Kagua shokapu yenyewe. Sukuma fimbo chini kwa mkono: iende kwa uzito ulio sawa, na ya gesi irudi juu yenyewe taratibu. Ikiwa na mafuta mwilini au ikidondoka bila upinzani, imekufa, na springi ngumu mpya itaimaliza kabisa. Zungusha beringi ya juu kwa kidole; ikikwaruza kama mchanga, badili.

Raba ya kugotea: karatasi iliyokuja na springi ikisema ikatwe, kata kwa kipimo ilichosema. Isiposema, iache. Usiitoe, ndiyo inayopokea kishindo shokapu ikifika mwisho.

Sasa springi mpya. Tizama kikombe cha chini: mduara wake una ngazi, kama kizingiti kidogo. Ncha ya springi inagota kwenye ngazi hiyo. Ipitishe mpaka igote, kisha ingiza kidole cha shahada uisikilize. Baina ya ncha na ngazi pasiwe na nafasi ya kupita kidole kizima, na ncha isipande juu ya ngazi.

Mimi ndipo nilipokosea gari yangu ya kwanza. Ncha ya kushoto ilipanda juu ya ngazi, sikuiona kwa sababu ilikuwa jioni na nilikuwa na haraka ya kwenda kuonesha gari Forodhani. Kila nikikata usukani, springi inajivuta, inaruka, "tang!" Mzee jirani yetu alikuwa ameketi kibarazani, akanisikiliza nikiingia na kutoka siku tatu. Siku ya nne akaniita: "Mwanangu, hiyo gari inakugombeza. Isikilize." Nikafungua kila kitu upya kwa ajili ya sentimita moja.

Springi nyingi fupi zina maandishi. Yakisomeka wima bila wewe kupindua kichwa, springi imesimama sawa. Mara nyingi haihitaji kubanwa sana ili nati ishike, na hilo ni raha yake. Lakini nati ikishafungwa, jaribu kuizungusha springi kwa mikono miwili huku shokapu imenyooka kikamilifu. Isizunguke. Ikizunguka kwa urahisi, ni fupi mno kwa shokapu hiyo. Irudishe kwa aliyekuuzia.

Legeza vibana kwa zamu, kama ulivyokaza, huku ukitizama ncha isihame.

Umefaulu ikiwa: ncha iko kwenye ngazi juu na chini, mstari wa mauntini umekutana na wa kikombe, na nati ya katikati ni mpya au imesafishwa na imekazwa kwa spana ya mkono, si kwa mashine ya upepo.

## Hatua ya 6: Kurudisha mbele

Ni Hatua ya 3 kinyumenyume. Anza na nati ndogo za juu, ila usizimalizie kukaza mpaka boliti za chini ziwe zimekazwa. Ingiza boliti mbili za chini, sogeza habu mpaka mistari ya rangi ikutane, kisha kaza kwa kipimo cha kitabu cha gari yako. Kila gari ina chake, usikope cha gari ya rafiki.

Rudisha kishikio cha hozi na waya wa ABS pale pale vilipokuwa. Zungusha usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, ukitizama kama hozi inavutika au inasugua tairi.

Rudia upande wa pili. Utashangaa utakavyokwenda haraka.

## Hatua ya 7: Nyuma

Rudisha magurudumu ya mbele, shusha gari, kisha nyanyua nyuma na utoe magurudumu yake kama ulivyofanya mbele. Kabari sasa ziende mbele. Breki ya mkono haikusaidii hapa, maana inashika magurudumu ya nyuma, nayo yako hewani.

Chungulia kwanza. Kuna aina mbili. Kama springi imeivaa shokapu, kazi ni ile ile ya mbele: nati za juu utazipata ndani ya buti, nyuma ya plastiki, na vibana vitahitajika tena. Kama springi imesimama peke yake kando ya shokapu, umepata nafuu.

Kwa aina hii ya pili, stendi zikae chini ya bodi, si chini ya ekseli. Weka jeki katikati ya ekseli, iinue kidogo mpaka uzito upungue kwenye shokapu. Toa boliti za chini za shokapu zote mbili. Zote, kwa sababu ekseli ni kipande kimoja, na ukitoa moja nyingine itaizuia.

Shusha jeki taratibu, mwenzako akitizama hozi za breki na waya za breki ya mkono. Zikikazana, simama, toa vishikio vyake kwenye ekseli ndio uendelee. Springi italegea na utaitoa kwa mkono. Kama bado inabana kidogo, sukuma ekseli chini kwa mguu, usiichokonoe kwa nondo.

Hamisha raba za juu na chini kwenye springi mpya, ncha ikae pahala pake kama mbele, kisha inua ekseli mpaka matundu ya shokapu yakutane na boliti. Zifunge kwa kiasi tu. Usizikaze.

## Hatua ya 8: Kukaza gari ikiwa imesimama

Hatua hii karibu kila mtu anairuka, na ndiyo inayoleta milio miezi miwili baadaye.

Raba iliyo ndani ya jicho la chini la shokapu ya nyuma, na zile kubwa mbele ya ekseli, zimeshikwa na chuma pande zote mbili. Hazizunguki, zinajipinda tu. Ukizikaza gari ikiwa hewani, zinajiona ziko sawa pale ekseli inaponing'inia. Ukishusha gari, zinajipinda na kubaki zimejipinda maisha yao yote. Zinalia, zinapasuka, na gari inakaa juu kuliko ilivyopaswa, wewe ukidhani springi ni mbaya.

Kwa hiyo legeza pia boliti mbili kubwa za mbele ya ekseli, nusu mzunguko. Rudisha magurudumu, shusha gari juu ya mbao nne nene na pana, moja chini ya kila tairi, ili upate nafasi ya kuingiza mkono. Tia kabari. Bonyeza buti na boneti mara kadhaa gari itulie. Hapo ndipo ukaze boliti za chini za shokapu za nyuma na zile mbili za ekseli.

Mwisho nati za tairi, kwa msalaba, si kwa mduara. Kwa Toyota ndogo kipimo ni nyutoni mita 103.

Umefaulu ikiwa: kila boliti uliyoigusa ina alama ya rangi uliyoiweka *baada* ya kuikaza. Isiyo na alama haijakazwa, hata moyo wako ukisema imekazwa.

## Hatua ya 9: Majaribio

Bonyeza breki mara chache kabla ya kuondoka. Toka polepole, mitaa ya ndani kwanza. Kata usukani hadi mwisho pande zote ukisikiliza tairi ikigusa madigadi. Panda tuta moja kwa mwendo wa mtu anayetembea. Rudi nyumbani, tizama kila kitu kwa tochi.

Siku inayofuata pakia watu wanne ujaribu tena. Gari iliyo kimya ukiwa peke yako inaweza kusugua tairi abiria wakikaa nyuma.

Baada ya kilomita 100 kaza tena nati za tairi. Springi mpya hushuka milimita chache zaidi siku za mwanzo, kwa hiyo ipe wiki moja au mbili ndio uende wili alaimenti. Lakini uende. Gari ikishuka, tairi huinamia ndani na kubadili mwelekeo. Bila alaimenti ukingo wa ndani wa tairi utaliwa, nawe huuoni mpaka waya zitokeze. Ikiwa usukani umepinda au gari inavuta sana siku ya kwanza, usisubiri hizo wiki.

Taa kubwa nazo zitizamwe. Mbele na nyuma zikishuka tofauti, mwanga unabadilika, na ukikutana na mtu usiku njia ya Tunguu ama humuoni au humuachi aone.

## Ikilia, inasema nini

"Tang" ukikata usukani gari imesimama: ncha ya springi haiko kwenye ngazi, au beringi ya juu imekufa.

"Ko-ko-ko" kwenye mashimo madogo: anza na linki ya stabilaiza, kisha nati ya katikati. Hizi mbili ndizo zinazosahaulika zaidi.

Kishindo kimoja kizito kwenye tuta: shokapu inagota mwisho. Punguza mwendo; ikiendelea kwa mwendo mdogo, shokapu imechoka.

Mlio kama mlango wa zamani, nyuma: raba zilikazwa hewani. Legeza, bonyeza gari, kaza ikiwa chini.

Gari imelala upande: chukua daftari lako, pima upya katikati ya rimu hadi madigadi, tangi likiwa na mafuta kiasi kile kile. Tofauti ya kushoto na kulia ikiwa milimita chache, na ilikuwepo kabla, ndivyo gari ilivyo. Ikizidi milimita 10 na zamani haikuwepo, vua gurudumu la upande ulio juu, washa tochi, na uingize kidole kwenye ncha ya springi kabla hujapiga simu kwa aliyekuuzia.